Mzigo Kwanza, Gari Baadaye

Kila anayepanga safari ndefu ya porini huniuliza swali lilelile: ninunue gari gani? Nami humrudishia swali: una kilo ngapi? Wengi hukunja uso wakidhani nawakwepa. Walitarajia jina, Land Cruiser au Land Rover au Hilux, maana wamekwisha kubishana kijiweni na moyoni wameshachagua. Kilo ndizo hawajazihesabu.

Wazee wetu hawakuanza safari hivyo. Msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulianzia kwenye mzigo. Bidhaa zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa kama kilo 16. Pagazi alibeba frasila mbili hivi, mbali na mkeka na sufuria yake. Ukishajua mizigo ni mingapi ndipo unajua uajiri pagazi wangapi, na ukijua pagazi ndipo unajua ununue posho kiasi gani. Kwa hesabu hiyo, gari la kubeba tani moja ni pagazi 31. Lakini pagazi aliyezidishiwa alinung'unika, akautua mzigo njiani, au akatoroka usiku. Gari halinung'uniki. Linapokea kila unachopakia, linaondoka vizuri mbele ya nyumba huku majirani wakipunga mikono, kisha linakuja kudai siku ya sita, mahali pasipo na mtandao wa simu.

Tuhesabu safari moja. Watu wanne, yaani dereva, watafiti wawili na askari wa wanyamapori, wanakwenda upande wa Katavi na bonde la Rukwa kutega kamera za wanyama kwa siku 10. Watu na mabegi yao ya mgongoni, kilo 300. Maji ya kunywa na kupikia, lita tano kwa mtu kwa siku, ni lita 200, na lita ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Dizeli ya akiba lita 100 pamoja na madumu yake matano ya chuma, kilo 105. Mahema, vitanda vya kukunja na viti, 80. Chakula, mtungi wa gesi na vyombo, 90. Jeki mbili, majembe, minyororo, kamba na sanduku la spana, 60. Kamera, betri, jenereta ndogo na paneli ya jua, 180. Halafu kuna vitu ambavyo watu huvihesabu kama sehemu ya gari: karia ya chuma juu ya paa, kilo 70, bampa nzito yenye winchi, 110, tairi la pili la akiba na rimu yake, 40.

Jumla ni kilo 1,235. Hatujaweka friji, na hatujamweka mwanakijiji atakayeomba lifti na gunia lake la mahindi, ambaye huwezi kumnyima kwa sababu kesho yeye ndiye atakayekusukuma.

Angalia tena vile vitu vitatu vya mwisho. Kilo 220 zimekwenda kwenye vyuma vya kulifanya gari lionekane la porini, kabla punje ya mchele haijaingia. Wenye magari mapya hupenda kuanza na mapambo hayo. Mimi huyaacha mwisho, na mara nyingi mwisho haufiki.

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu, na huo wa juu huandikwa kwenye kibati au kwenye kitabu cha gari. Tofauti ya hizo mbili ndiyo haki yako. Kwa Land Cruiser za kazi, zile za toleo la 70, haki hiyo ni karibu tani moja, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na bodi. Kwa pikapu nyingi za kisasa ni hapohapo kwenye tani, na hupungua kila unapoongeza viti na vyuma. Kwa shangingi la kifahari huwa ni kilo mia sita au mia saba tu, jambo linalowashangaza sana wamiliki wake. Suzuki Jimny, ambayo inapita pembamba kuliko zote hizo, imechoka kwenye kilo 300 na kitu, yaani watu wanne na mabegi yao, basi.

Sheria haitakusaidia hapa. Mizani ya barabarani inayahusu magari ya kuanzia tani 3.5, ndivyo Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ilivyoweka. Land Cruiser iliyozidishiwa kilo 300 inapita pembeni ya mizani bila kuulizwa, huku lori la viazi nyuma yake likipangishwa foleni. Kwa hiyo ujipime mwenyewe. Kwenye mji wowote unaonunua mahindi, pamba au mpunga kuna ghala lenye mizani ya magari, na ukimsalimia mlinzi vizuri utapimwa. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Ekseli ya nyuma ndiyo hutoa habari mbaya.

Nilijifunza hayo kwa aibu, njia ya Inyonga kwenda Mpanda, enzi zile za vumbi jekundu lililojaa hadi kwenye masikio. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepeleka gari kwenye gereji moja mjini. Niliwaambia nina mzigo, wakaniongezea majani mawili ya springi kila upande na kunihakikishia kwamba sasa naweza hata kupakia nyumba. Nikaamini, kwa sababu gari lilisimama juu vizuri na halikuinama nyuma hata lilipojaa. Siku ya nne nikaanza kusikia mlio kama wa mlango mbovu unaofunguliwa taratibu. Nikakaza kila bolti niliyoiona. Mlio ukabaki. Mwenzangu ndiye aliyelala chini ya gari na kuuona ufa: umeanzia ukingo wa juu wa chesisi, pale inaposhikiliwa springi ya nyuma, umeshuka karibu vidole vinne.

Tulimpata fundi wa kuchomelea kijijini, kijana mwenye jenereta iliyofungwa kwa waya na miwani ya jua mahali pa kinga ya macho. Nikamwonyesha kipande cha jani la springi kuukuu, nikidhani kwa ugumu wake kitafaa kuwa kiraka. Akakataa. "Mzee, hicho hakichomelewi hapo, kitapasuka pembeni." Akaenda kukata bamba kutoka kwenye fremu ya tela bovu lililokuwa limeota majani nyuma ya nyumba. Hakulikata mraba. Alilikata kwa umbo la uru ya karata, pembe moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, ili mstari wa kuchomelea usishuke wima na kuipasua chesisi mahali papya. Kwanza alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, usiendelee kutembea. Hakusoma hayo chuoni, aliyajua kutokana na matela ya ng'ombe na matrekta. Alipomaliza akagonga chesisi kwa nyundo, akasema: "Springi uliongeza, lakini anayebeba ni huyu. Huyu umemwongezea nini?"

Springi ngumu hulizuia gari lisiiname, basi. Kilo hazipungui hata moja. Ule uzito ambao zamani springi laini ingeumeza kwa kucheza unapigwa sasa moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye beringi na kwenye shafti. Shokapu nazo huchemka kwenye barabara iliyojikunja kama bati, mafuta yake yakawa mepesi, zikaacha kushika, na baada ya hapo kila kishindo kinapanda juu. Pikapu ya kabini mbili iko hatarini zaidi, maana sanduku lake la nyuma limesukumwa hadi sehemu kubwa yake ipo nyuma ya ekseli. Ukipanga mapipa ya dizeli mkiani umetengeneza mzani wa kukunja chesisi, na kila shimo linaukandamiza. Nimeona pikapu ya namna hiyo imevunjika mgongo nyuma ya kabini, pua na mkia vimeangalia juu kama mtumbwi. Vitu vizito vikae chini, kati ya ekseli mbili, na maji yalale sakafuni nyuma ya viti. Juu ya karia weka magodoro na mahema, si dizeli. Kilo mia mbili juu ya paa huzihisi kwenye lami, lakini ukiingia korongo lililoinama upande utazikumbuka.

Tukishajua kilo, sasa tunaweza kuyataja magari.

Land Cruiser ya toleo la 70 ilitoka mwishoni mwa 1984, na kwa sura haijaacha kuwa yenyewe. Watu wa Tanzania huiita mkonga, kwa sababu ya bomba la kuvuta hewa lililopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Wengi hudhani mkonga ule ni wa kuvukia mito. Kwa mwaka mzima kazi yake kubwa ni kuvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni pungufu, na anayesafiri katika msafara wa magari matatu ataona tofauti siku ya kusafisha chujio. Injini iliyoijengea jina huku kwetu ni 1HZ, ya mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita, dizeli, haina tabo. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu. Na kwa kuwa haina tabo, kila mita 100 unazopanda inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake, hivi kwamba kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, umeacha karibu moja ya tano njiani. Malori yatakupita mlimani. Vumilia.

Wanaisifu kwa nini basi? Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la chini ya baa 200. Injini za kisasa hupuliza dizeli kwa shinikizo la baa 2,000 hivi kupitia matundu membamba kama unywele. Dizeli ya Afrika Mashariki ilisafishwa sana Januari 2015, kiwango cha salfa kiliposhushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na kituoni mjini dizeli hiyo ni nzuri. Lakini porini hununui kituoni. Unanunua kwenye pipa lililokaa juani nyuma ya duka, usiku linapoa na kutoa jasho kwa ndani, na ile dizeli inachotwa kwa bomba la mpira kwenye dumu lililowahi kubeba maji. Injini ya zamani itakohoa, utafungua chujio, utamwaga maji, utapiga pampu ya mkono na kuondoka. Injini mpya itawasha taa ya njano, itajipunguzia nguvu yenyewe, na kukutembeza kilomita 20 kwa saa hadi utakapopata mtu mwenye kompyuta ya kuisoma.

Lakini nisiwadanganye wapenzi wa vya kale. Gari la zamani nalo huharibika, tena mara nyingi zaidi. Unachopata ni kuharibika kwa namna inayoeleweka. 1HZ ina mkanda wa taimingi ambao ukipitisha muda wake utakatika na kuiua injini bila kukuonya. Kwa bodi mbili za kawaida, ile ndefu iliyofunikwa yote hubeba dizeli lita 180 katika matangi mawili, na pikapu hubeba 130 katika moja. Tofauti hiyo ya lita 50 ni madumu mawili na nusu usiyohitaji kuyafunga juu, na kwangu mimi inatosha kuamua bishano. Kuanzia mwishoni mwa 2023 toleo hilohilo limeanza kuuzwa katika nchi kadhaa likiwa na injini ya silinda nne ya lita 2.8 na gia za kujibadilisha zenyewe. Lina nguvu zaidi, linakunywa kidogo. Kwa anayesafiri kati ya miji yenye mafundi wa kisasa ni gari zuri. Kwa Katavi, ningesubiri hadi mafundi wa Mpanda walizoee.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa maana ya gari la porini. Ile One Ten ya 1983, iliyokuja kuitwa Defender mwaka 1990, ina springi za mviringo pande zote, kwa hiyo magurudumu yake hushika ardhi mahali ambapo majani ya springi yameshanyanyua moja hewani. Injini yake ya 300Tdi ni ya kimakanika kama 1HZ. Uvujaji wake wa oili umegeuka utani, na utani huo una haki. Utengenezaji wake ulikoma Januari 2016. Defender mpya iliyoanza 2020 ni gari jingine kabisa, halina chesisi ya kujitegemea, limejaa vihisio, na ni zuri sana kuendesha.

Je, Land Rover imeshindwa, basi? Nenda Maralal, kaskazini mwa Kenya. Huko Land Rover kuukuu ndizo zilizobeba abiria, mbuzi na magunia kwenda Baragoi miaka nenda rudi, kwenye mawe yaliyowashinda wengine. Kila kijana wa gereji anajua kuifungua gia boksi yake, na mtaani kuna mizoga ya kung'oa vipuri. Ukienda Samburu na mkonga utapata msaada. Ukienda na Land Rover utapata ndugu. Ukiileta Land Rover hiyohiyo Mpanda, fundi ataizunguka, ataisifu, halafu atakuuliza kama una spea zako mwenyewe.

Kwa hiyo gari bora la porini hubadilika kwa mkoa, na namna ya kulijua ni rahisi kuliko kusoma majedwali. Ukifika mji wa mwisho kabla ya pori, tazama gari la hospitali ya misheni, gari la mnunuzi wa ng'ombe na gari la mwenye mashine ya kukoboa. Hao hawanunui kwa mapenzi. Gari likilala siku tatu, wanapoteza fedha au mgonjwa. Walichonacho ndicho chenye spea dukani na fundi barazani. Mashirika ya misaada yenyewe yamefuata njia hiyohiyo, na ndiyo maana mkonga mweupe wenye antena umekuwa karibu alama yao.

Kisha sheria za nchi nazo zina kauli. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hulipokea lakini hulitoza ushuru wa uchakavu. Anayetamani mkonga wa miaka ya 1990 kutoka ng'ambo atajikuta Kenya ananunua uliokuwepo tayari nchini, wenye kilomita zake na siri zake. Hapo kagua chesisi kwa tochi na nyundo kabla hujafungua boneti. Injini hubadilishwa kwa siku mbili, chesisi mbovu itakusumbua maisha.

Wapo watakaosema: tani moja na robo ni mzigo wa lori, tuchukue lori. Kwa kilo ni kweli. Fuso ndogo hubeba mara tatu ya hizo bila kukunja uso, na lori lenye nguvu magurudumu yote, kama Unimog ya Mercedes-Benz, lina kimo ambacho mkonga haukifikii. Kwa tani mbili kwenda juu sina ubishi, chukua lori. Ila lori lina maadui wake. Daraja la magogo lililofungwa na wanakijiji kwa ajili ya pikipiki na pikapu halikujengwa likiwa na lori akilini. Katika miombo, njia ilifunguliwa kwa upana wa Land Cruiser, na lori litahitaji mtu wa shoka mbele. Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni udongo.

Kwenye neno mbuga siku hizi watu husikia simba na watalii. Kwa mkulima wa bara, mbuga ni tambarare ya udongo mweusi, unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia, na mvua ikinyesha unageuka gundi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyopangana kwa mfululizo kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni: mwekundu juu, wa kijivu na mchanga kwenye mteremko, mweusi wa mbuga chini kabisa. Mpangilio huo aliuita katena, na wanasayansi wa udongo duniani kote wanaufundisha hadi leo. Dereva mzuri wa porini hajamsikia Milne, lakini anausoma mpangilio wake kupitia kioo. Barabara ikiwa nyekundu anapiga mluzi. Ikianza kuwa ya kijivu anaacha kupiga mluzi. Ikiwa nyeusi na usiku ulikuwa na radi, anasimama, anashuka, anakandamiza kisigino.

Kisigino hakisemi uongo. Kikizama hadi kifundo, hakuna gari la kuliuliza. Kikizama nusu, ndipo uzito unapoamua. Mkonga wenye tani tatu na lori lenye tani nane huingia kwenye mbuga ileile kwa matumaini yaleyale. Mkonga ukinasa, watu wanne wenye majembe, matawi ya miti na jeki huutoa kwa saa tatu za matope na matusi. Lori likinasa, linasubiri trekta au kiangazi. Hapo ndipo tairi linapoingia. Ukishusha upepo kutoka 40 hadi 20, tairi huongezeka urefu wa mguso wake chini, kama mtu aliyetoka kutembea kwa vidole akaanza kutembea kwa unyayo. Kwenye mchanga wa jangwa au wa mto mkavu ujanja huo ni dawa. Kwenye mbuga ni nusu dawa, maana udongo hujaza meno ya tairi hadi linakuwa kama pipa la plastiki. Usisahau pampu ya kurudishia upepo, la sivyo kwenye mawe ya baadaye utakata tairi mbili kwa siku moja. Na kama unaweza kupata rimu za kufungua kwa mkono na matairi ya tyubu, zichukue hata kama kijiweni watakucheka. Tyubu huzibwa kwa kiraka chini ya mti.

Kama lori ni zito mno na mkonga umejaa, njia ya tatu ni kuugawa mzigo, na haijaanza leo. Oktoba 1924 msafara wa Citroën ulitoka Colomb-Béchar, Algeria, ukiwa na magari manane yenye minyororo ya mpira nyuma badala ya magurudumu. Ulivuka Sahara na misitu, na ulipofika Kampala ukagawanyika makundi manne: moja likashuka Mombasa, moja Dar es Salaam, mengine yakaendelea kusini, hadi safari ikafika Madagaska mwaka 1925. Picha zake hupendeza. Nyuma ya picha kuna jambo lisilopendeza kulitazama: petroli, chakula na vipuri vilitangulizwa kwenye vituo njiani, hivyo magari yale hayakubeba Afrika nzima mgongoni. Hata mashindano ya Camel Trophy ya 1991, yaliyopita kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura na Waturuki wakaibuka washindi, yalikuwa hivyo. Waliopigwa picha walikuwa kwenye Land Rover Discovery. Mizigo ya msaada ilifuata kwenye One Ten.

Kwa safari yetu ya Katavi, kituo ni kitu kidogo tu: madumu matano ya dizeli na maji ya siku tano yaliyoachwa kijijini Sitalike kwa mwenye duka unayemwamini, aliyelipwa nusu. Umepunguza zaidi ya kilo mia mbili kwa siku tano za mwanzo. Magari mawili mepesi ni bora zaidi kuliko moja lililojaa, mfuko ukiruhusu. Moja humvuta mwenzake, na moja likifa, watu hawafi nalo. Wanaouliza kama tela la nyuma linafaa, mimi huwajibu: kwenye vumbi na changarawe ndiyo, kwenye mbuga hapana, na popote pale hakikisha rimu zake ni sawa na za gari.

Nguvu magurudumu yote nazo zimetukuzwa kupita kiasi. Katika mbio za Safari Rally zilizoanza 1953, magari ya kawaida ya kusukumwa na magurudumu mawili yalishinda mara nyingi. Mwaka 1965 ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, na Peugeot 404 ilichukua ushindi mara nne kati ya 1963 na 1968. Magari yale yalikuwa na mambo mawili tunayoyasahau: chesisi au bodi imara, na wepesi. Sisemi uende Rukwa na Peugeot. Nasema wale madereva walijua kilo zao.

Mwaka juzi niliongozana na timu ya watafiti waliokuwa na mkonga wa kabini mbili, mpya, umepambwa kila kitu. Tulisimama kwenye ghala la mahindi kabla ya kuingia pori. Mlinzi akatazama kioo cha mizani, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Bosi, mmepakia na mawe?" Tulikuwa tumezidi kilo 280. Wakaanza kubishana kuhusu friji. Dada aliyekuwa kiongozi wa utafiti hakuingia kwenye ubishi. Alipanda juu na spana namba 13, akaanza kuifungua karia. Ilituchukua nusu saa. Winchi ikafuata, halafu bampa yenyewe, ikarudishwa ile ya awali iliyokuwa imesahaulika gereji na kuletwa kwa bodaboda. Madumu mawili yakabaki kwa mlinzi. Friji, kwa kuwa mwenye nayo aliing'ang'ania, ilikwenda, ila viti vinne vya kukunja vikaachwa. Tukarudi juu ya mizani mara ya pili, bado tumezidi kilo 20. Yule dada akanitazama kiunoni, akacheka, na mlinzi akatufungulia geti.